Nyumba Isiyopewa Vitabu

Huko Sur, nyumba moja hupewa vitabu vya Kiarabu vya watoto na inayofuata hunyimwa, ili Mpango wa Usomaji upate wa kulinganisha nao. Zuwena alilelewa katika nyumba ya kunyimwa, akaolewa katika nyumba ya kunyimwa, na hajui hata herufi moja. Lakini binti yake Thuraya, wa miaka saba, alikuwa amejifunza kusoma kwa siri kutoka kwa binti wa jirani. Mzazi wa mtoto kama huyo hupelekwa kambini.

Kwa hiyo mwezi mzima Zuwena alimfinya mwanawe kila macho yake yalipotua kwenye maandishi, mpaka mtoto akazoea kukaa kama gogo.

Mkaguzi wa Mpango, Ustadh Hamdun, alikuja na kadi mbili. Thuraya aliitazama ya kwanza bila kupepesa.

"Hiyo imemwambia ana nge mgongoni," Hamdun akasema. "Mama Thuraya, mwanao ni mjinga kabisa."

"Tangu kuzaliwa, ustadh," Zuwena akajibu kwa furaha.

Hamdun akatoa ya pili. Thuraya hakulia. Alisogea tu taratibu, akaling'ang'ania gauni la mama yake kwa mikono miwili.

Hamdun akaanza kukusanya kadi zake.

"Hiyo nayo imeandikwa nini?" Zuwena akauliza.

"Muulize mwanao. Anasoma vizuri kuliko wale tuliowapa vitabu."

Zuwena akainama.

"Imeandikwa leo utapelekwa kambini, mama," Thuraya akanong'ona.