Ndoo ya Pili

Katika nyumba ile, anayeoga haitwi. Ndiyo maana Sikudhani alikaa kwenye kigoda bafuni, kanga zake mwilini, akichota maji kwa kata na kuyamwaga sakafuni polepole. Maji yakisikika, chungu cha wageni, homa ya mtoto na nguo za mumewe vilimwacha. Yakinyamaza tu, jina lake lingeanza kuitwa uani.

Na ndoo ilikuwa inakwisha.

"Huyu wifi yangu anaoga au anajimenya ngozi?" Mtumwa, dada wa mumewe, aliwauliza wageni jikoni. Wakacheka.

Sikudhani akamwaga kata ya mwisho. Kimya. Mlango ukagongwa.

"Nifungulie, mwanangu."

Mama mkwe! Bafu lile halikuwa hata na dirisha. Akafungua, akainamisha macho, akingoja kusemwa. Bibi akamtazama: nywele kavu, kanga kavu, nyayo tu ndizo zilizolowa.

Akaingiza ndoo iliyojaa, akaiweka chini bila kelele.

"Kata haisikiki vizuri," akanong'ona. "Mimi nilikuwa natumia kopo."

Kisha akageukia uani. "Mwacheni! Ndio kwanza anajipaka sabuni!"

Sikudhani akarudisha komeo, akakaa, asijue acheke au alie. Nje mtoto akaanza kulia. Akazisikia nyayo za mama mkwe zikielekea huko, nzito, za mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi. Mkono wa Sikudhani ulikuwa ndani ya maji, na bado hajachota.