Neno Lisilo na Jani

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, saa nne asubuhi, Fuko mlinda njia alibadili kanuni ya handaki lake jembamba, lipitwalo na mmoja mmoja.

Kabla ya hapo, mwenye haraka alifunga jani jekundu kwenye mzigo wake, akapitishwa kwanza. Wajanja wakazoea. Siku hiyo kila mzigo ulikuwa na jani, na Sange, asiye na mzigo, akasukumwa nyuma kabisa. Mama yake alikuwa anakata roho upande wa pili, naye alitaka kumwomba radhi.

"Huna mzigo, huna jani, una haraka ya nini?" akacheka Panya Buku, magunia yake ya karanga yakiziba mlango.

Fuko haoni, lakini alimsikia Sange akilia, akiomba apite akamwombe mama yake radhi kabla hajafa.

"Buku, mjukuu wangu, mzigo wako ukifika kesho utakuwa nini?"

"Karanga, babu. Zitakuwa nini tena?"

"Nawe Sange, neno lako likifika kesho?"

"Halitakuwa na wa kulisikia, babu."

Fuko akapapasa mizigo, akang'oa majani yote.

"Kuanzia leo jani nitafunga mimi, baada ya kuuliza swali hilo. Buku, sogea."

Buku akasogeza magunia kwa aibu. Sange akapita mbio, akamkuta mama bado ana pumzi.

"Radhi zangu unazo, mwanangu," mama akasema, akafumba macho.

Hadi leo Sange humshukuru Mungu kwa kufika. Ewe Mola, mrehemu mama yake, umpanulie kaburi lake. Amina.