Wali wa Bibi

Asubuhi Balbina alipoifuata sahani kaburini, wali wa mpunga mpya uliovunwa Mchombe, waliomwekea marehemu bibi jana kwa tambiko, ulikuwa umejaa vilevile. Alipofika nyumbani, kwa kujaribu tu, akaudondoshea iodini ya shule, dawa ya kahawia ya kupimia wanga.

Ulitakiwa kugeuka mweusi. Darasani, wali pekee uliobaki kahawia ni ule waliouchanganya na mate, kwa sababu mate humeng'enya wanga.

Huu ulibaki kahawia.

Akaongeza tone. Kahawia vilevile. Punje zilikuwa nzima, zinateleza.

"Mama, wali wa bibi una mate."

Mama akaziminya punje vidoleni.

"Nilisahau," alisema. "Hakuwa na meno. Alikuwa anaumung'unya tu, anautema."

Akafunua ndoo ya unga.

"Leo tumpikie uji."