Saliha, Weka Maji

"Kosa! Wekundu wameanza kabla. Yadi tano nyuma!"

Sauti ya Hafidh ilitoka kwenye spika za uwanjani, ikapita juu ya ukuta mpaka jikoni, na Saliha akaacha kuchambua mchele. Ile "nyuma" aliivuta vile vile, Kiunguja kitupu, kama miaka kumi na tisa yote aliyochezesha mpira wa Kimarekani pale Ibra, Omani.

"Mama, mchele unamwagika," Nahla akamwambia.

"Nyamaza, namsikiliza babako."

Nahla akainama kuokota punje.

Refa wa mpira huu huvaa kipaza sauti kifuani, akawaeleza watu kila alichokiamua. Ndiyo maana mji mzima ulimjua Hafidh kwa sauti. Na siku moja, mechi imekwisha, alisahau kukizima. Ibra yote ikamsikia: "Saliha, weka maji, nakuja." Lo, watu walivyocheka! Saliha aliona haya, hata soko la wanawake la Jumatano hakwenda. Lakini Hafidh, mtu wa mizaha, akaifanya ada. Kila mechi ikimalizika neno ni hilo, na kabla halijatua Saliha keshabandika birika.

Kisha zikaja mashine. Kamera kumi na mbili juu ya nguzo, na kidude ndani ya mpira kinachojua kama umevuka mstari. Hafidh alizipinga. "Mashine haina haya," akisema. Lakini kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, na macho hayakuwa yale. Mwisho akenda mwenyewe kwa Nizar, kijana wa kamati, akakaa naye mwezi mzima kuifundisha mashine kazi na kuisomea matangazo yake yote. Makosa yakawa yanaonwa na kamera. Hafidh akabakishiwa kutangaza tu.

Halafu, kabla ya Ramadhani, akaondoka. Ilikuwa alfajiri, Saliha yumo katika sala, na hakumuaga. Mke aliyekaa naye miaka thelathini na minne, hata neno moja! Wiki tatu baadaye Saliha akamsikia kutoka uwanjani, sauti safi, hakohoi hata kidogo. Siku ile alikaa chini akalia mpaka ncha ya mtandio ikarowa. Mashoga walimwambia afunge madirisha siku za mechi, asijitese. Hakufunga. Mwezi wa nne huu hajatia mguu nje, hajafukiza udi, gauni ni lile lile jeupe, lakini mechi ikianza humbandui jikoni.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Nizar alikuwa amekuja adhuhuri kumwambia. Hakuingia. Alisimama nyuma ya mlango, kama adabu inavyotaka, wakazungumza bila kuonana.

"Shikamoo, Bi Saliha."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu."

"Kamati imekata shauri. Mechi ya leo ndiyo yake ya mwisho. Timu za Maskati hazikitaki Kiswahili chake, zinataka Kiarabu na Kiingereza. Wiki ijayo anaingia mwengine."

"Miaka kumi na tisa, Nizar!"

"Najua, mama. Nimegombana nao mpaka nimechoka. Wameshinda."

Saliha aliegemea mlango. Alimtukana mtu mmoja mmoja wa ile kamati kimoyomoyo, kisha akaomba msamaha kwa Mungu.

"Mimi nilikuwa na sauti ile tu," alisema. "Sina kingine. Basi nifanyie mawili. Lile neno lake la mwisho hajalisema toka aondoke. Leo nilisikie. Na mkishamtoa huko, msimtupe. Mleteni nyumbani."

Mara akamsikia kijana wa watu anavuta kamasi.

"Nitajaribu, mama. Yote mawili."

Sasa jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mitende, na Saliha hata mchele hakuuona. Alihesabu kila tangazo. Yadi kumi. Mpira wa Weupe. Yadi tano. Kila moja alilipokea na kulirudia kwa midomo, asije akalisahau. Nahla alisimama nyuma yake, mkono begani kwa mamake.

"Mechi imekwisha. Weupe ishirini na moja, Wekundu kumi na nne."

Saliha akakamata ukingo wa meza. Huko nje watu walikuwa wanaondoka, milango ya magari inafungwa. Hakuna kitu. Akasema moyoni, basi, ndiyo imeshakuwa, hatasema.

Spika zikakwaruza.

"Saliha, weka maji, nakuja."

Na nyuma ya neno kikasikika kicheko, kicheko cha watu wengi wenye furaha, na hali uwanja ulikuwa kimya, hacheki mtu.

"Umesikia?" Saliha alisema, machozi yanamtoka. "Nahla, umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

Saliha akabandika birika. Akapasua hiliki, akatoa vikombe viwili, kile chenye mpini uliopasuka akakiweka upande wa dirishani, ambako Hafidh hupenda kukaa. Maji hayajachemka bado, mlangoni ikabishwa hodi.

"Kaja," alisema. "Kamfungulie."

Nahla akenda. Pale mlangoni walizungumza maneno mawili matatu, kwa sauti ya chini. Akarudi peke yake, kafumba kiganja, na hakumtazama mamake usoni. Kando ya kikombe cha dirishani aliweka kidude cha kompyuta, si kikubwa kuliko tende. Kilikuwa kimefungwa kikaratasi, na Nizar alikuwa ameandika kwa kalamu: *Sauti ya marehemu Hafidh.*