Kufungua Uzi

Bupe aliacha viatu chini ya kilima, akaanza kupanda ngazi za hekalu kabla hata ya kunywa chai. Ndege ilikuwa saa tisa. Uzi wake ulikuwa kule juu, kwenye mwarobaini, na asipoufungua asubuhi hiyo, hatauona tena maishani.

Anti Kogie, mama wa Kihindi anayefagia uwanja wa hekalu, alimwona kwa mbali.

"Ni wewe! Mwezi wa tatu ulipanda kama kobe. Leo mguu wa mbuzi!"

"Nimekuja kufungua, Anti," Bupe alijibu kwa Kiingereza chake cha kuombea maji.

Ufagio ukamponyoka Anti Kogie. Hapo kilimani uzi hufungwa na mwenye shida, na hufunguliwa na aliyepewa alichoomba. Akawageukia wanawake waliokuwa wakitunga maua.

"Njooni! Huyu ndiye mke wa yule wa bandarini, yule wa saratani ya mifupa!"

Wakamzunguka. Mmoja akamshika mashavu kama mtoto.

"Yale maumivu je?"

"Yameisha."

"Na zile kelele zake?" Anti Kogie akauliza. "Uliniambia majirani zenu mtaani Greyville wanagonga ukuta."

"Hapigi kelele tena."

"Eish, Amma wetu huyu!" Anti Kogie alitazama juu mlangoni kwa mungu wake wa kike, mama wa kilima. "Na sasa?"

"Leo tunarudi kwao, Tarime. Mimi na Marwa."

"Mpaka ndege anapanda!" Wakacheka, wakapigana mabega.

Bupe hakucheka. Hakuja kwa furaha, alikuja kwa woga. Siku alipofunga uzi, Anti Kogie alimsimulia habari za mama mmoja wa zamani, mkata miwa, aliyefunga uzi wake hapo, akapewa, kisha akasahau kurudi. Amma mwenyewe akashuka kilima, akaketi kizingitini kwake. Hakumdhuru. Alikaa tu, anangoja kuambiwa. Yule mama hakuonja usingizi mpaka alipoingia kaburini. Na sasa, siku ya kumi hii, Bupe alikuwa akihisi mtu ameketi nje ya mlango wake.

Akautafuta uzi kati ya mamia ya nyuzi. Mvua ilikuwa imeuchujisha manjano yake, lakini fundo lilikuwa lake, fundo la kufungia gunia. Akalipelekea meno.

Anti Kogie akamdaka mkono.

"Ngoja, mwanangu. Kwanza sema. Ulichopewa unakitaja kwa sauti, Amma asikie. Ukifungua kimya, hujafungua."

Hilo Bupe hakuwahi kuambiwa.

"Kwa sauti, Anti? Mbele ya watu?"

"Neema haifichwi kama chungu cha wizi!"

"Siwezi."

"Kiingereza ndicho kinakutoa jasho? Sema kwa lugha yako. Amma anazijua zote. Sisi tutashangilia tu."

Wanawake wakasogea. Mmoja alikwisha leta sahani ya vitamu, amesimama nayo tayari. Bupe akaegemeza paji la uso kwenye gome la mti. Akafikiria kudanganya, atamke neno lolote zuri, ashuke zake. Lakini anayengoja kizingitini hadanganywi.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, polepole, "sikukuomba apone. Nilikuomba umchukue, kwa sababu nilichoka kumsikia. Umemchukua. Asante."

Wanawake wakapiga makofi na vigelegele, na Anti Kogie akamlisha kitamu kwa mkono wake mwenyewe.