Nafasi ya Baiskeli

Kapinga alinyoosha kamba yenye fundo juu ya baiskeli iliyokunjwa, ile yenye gia saba. Gurudumu lilizidi fundo kwa upana wa kiganja.

"Basi nipe ile ndogo, yenye haina vitesi."

"Mama mualimu, na ile mulima ya Mutoshi kila asubuhi?" muuzaji aliuliza.

"Nitasukuma."

Ile ndogo isiyo na gia iliishia pale pale kwenye fundo.

Muuzaji aliishika kamba. "Unapima nini?"

"Nafasi yenye ilibakia mu chumba, katikati ya kitanda na shimo. Bwana yangu anachimbaka kobalti mule mule mu nyumba."

Shibiri nzima kupita fundo hilo kulikuwa na lingine, limeingia vumbi jekundu.

"Na hii ingine?"

"Ile ni ya juzi."