Wageni wa Oloo

Lornah alikata chapati kwa kisu na uma, kipande kidogo kidogo, huku akiwatazama wageni wake wawili wakirarua zao kwa vidole.

"Hapa ni Nairobi," alisema. "Watu wanaangalia."

Hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Hoteli ile ya Mhindi, River Road, ilijaa makarani na wapagazi waliokunywa chai haraka wawahi kazini. Glovu nyeupe za Lornah zilikaa juu ya meza, mahali ambapo zingeonekana.

Wageni walikuwa wameshuka na treni ya Kisumu alfajiri, na kikapu chao kikubwa, wakaulizia njia mpaka Spring Valley. Phoebe, mrefu na mkimya, alisema wao ni watu wa nyumbani kwa kina Oloo, wanasali naye kanisa moja. Mwenzake, Naliaka, alikuwa mnene mwenye kicheko. Lornah aliwaambia kwamba Oloo, mume wake, amekwenda Mombasa na bwana wake mzungu, hatarudi wiki hii.

Alijua walichotaka: kazi, au mahali pa kulala. Hakuwakaribisha ndani. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jumba la mzungu, ukuta mmoja na banda la mbwa, na hakutaka wakione. "Twendeni mjini niwalishe," alisema. "Huku kwetu Spring Valley hakuna hoteli."

Sasa Naliaka alimimina chai kwenye kisosi, akaipuliza. Lornah alifumba macho kama mtu aliyeshikwa na jino.

"Oloo naye siku hizi anakula kwa uma?" Phoebe aliuliza.

"Oloo ni mpishi wa wazungu. Kwangu hakuna anayekula kwa mkono. Hata kichwa cha samaki hagusi."

"Hagusi kichwa?" Phoebe alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Zamani usipompa kichwa, ananuna mpaka kesho."

"Zamani ni zamani," Lornah alisema.

Adhuhuri aliwapeleka mgahawa mmoja wa Government Road. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, na mahali pengine palikuwa pameanza kuwapokea Waafrika, shingo upande. Lornah hakuwahi kukanyaga mle, lakini aliingia kama mtu anayerudi kwake. Wakakalishwa kando ya mlango wa jikoni.

"Ni hicho kikapu chenu," Lornah aliwanong'oneza kwa hasira. "Ningekuja peke yangu ningekaa dirishani."

Supu ikaja. Naliaka aliinywa yote, akafuta mdomo, akamwuliza mhudumu ugali utakuja saa ngapi. Mama mmoja wa kizungu kwenye meza ya jirani akacheka. Lornah naye akacheka, kwa sauti zaidi, akimgeukia yule mama ili aone kwamba wako pamoja. Yule mama aliacha kucheka, akaangalia sahani yake.

Phoebe aliweka kijiko chini. "Unamcheka mwenzangu?"

"Nacheka ushamba."

Naliaka alifungua mdomo aseme neno. Phoebe alimshika goti chini ya meza. Lornah akaona, akadhani ndiyo ile shida yao inakuja.

"Nawaambia mapema," alisema. "Bwana wetu hahitaji mfanyakazi mwingine."

"Hatukuja kutafuta kazi, mama," Phoebe alijibu. "Jioni tunarudi na treni."

Habari hiyo ilimfurahisha Lornah hata akawa mkarimu. Naliaka alipolalamika kwamba bado ana njaa, aliwapandisha basi mpaka Waithaka, kwa Muthoni, mjane aliyekuwa na bucha na jiko la kuchoma nyama. "Huku ndiko saizi yenu," alisema, akatandika leso kwenye benchi kabla ya kukaa.

Nyama ililetwa juu ya ubao, na chumvi pembeni. Uma haukuwapo. Lornah alishika mbavu kwa ncha za vidole, na baada ya kipande cha pili akasahau, akaanza kutafuna mfupa kama wenzake. Shibe ikamfungua kinywa.

"Yule marehemu mke wa Oloo," aliuliza, "mlimjua?"

Naliaka aliacha kutafuna.

"Tulimjua," Phoebe alisema.

"Alikuwa mtu wa namna gani? Oloo hapendi kumtaja. Ananiambia tu alikuwa mwanamke wa jembe, mzito, hana neno la kumwambia mtu. Kifua kilimwua, na hakumwachia hata mtoto. Ananiambia siku ya maziko hakutoa chozi."

"Alikwambia hivyo yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Tena akicheka."

Naliaka alisimama ghafla, akaenda kunawa. Phoebe alibaki akitazama moshi wa jiko. Kisha alivuta ubao karibu, akala polepole mpaka nyama ikaisha, wala hakuuliza tena habari za Oloo.

Stesheni, Lornah aliwasindikiza mpaka kwenye behewa la daraja la tatu, maana alitaka kuhakikisha wamepanda kweli. Filimbi ilipopulizwa alijisikia mwepesi. Akavaa glovu zake, akawapungia mkono.

"Nimpe Oloo salamu gani?"

Phoebe aliinama dirishani. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Nilikuja kumrudisha nyumbani," alisema. "Sasa nimekuona, nimeona mmefaana. Kaa naye."

Treni ilianza kusogea. Lornah alitembea kando yake hatua chache, bila kuelewa, mkono bado uko juu.

"Akirudi, mwambie watoto wake watatu hawajambo," Phoebe alisema. "Na mwambie marehemu alikuja mjini, akala, akashiba."